Gita Mbele ya Kamera

Mwaka 1961 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya mtu aliyekwisha kufa miaka 23 nyuma, na haikuwa na picha yake hata moja ya kuweka kwenye jalada. Mtu huyo ni Robert Johnson, mpiga gita wa Mississippi. Aliacha nyimbo 29, alizorekodi San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafariki Agosti 16, 1938, akiwa na umri wa miaka 27. Ikabidi achorwe. Mchoro wa jalada unamwonyesha mtu ameketi kitini, anatazamwa kutoka juu, ameinamia gita lake, na uso hauonekani kabisa.

Vijana wa Uingereza ambao baadaye walikuja kutamba kwa roki, akina Eric Clapton na Keith Richards, walijifunza kwa kusikiliza nyimbo hizo bila kujua mwalimu wao alikuwa na sura gani. Pengo hilo likajazwa na hadithi. Iliyovuma zaidi ni ile ya kwamba alikwenda njia panda usiku, akamwuzia shetani roho yake ili afundishwe gita. Naamini hadithi hiyo isingeota mizizi kiasi kile kama picha ingejulikana tangu mwanzo.

Maana picha ilikuwapo. Ilikuwa kwa dada yake, imetunzwa na vitu vya familia. Mnamo mwaka 1935 hivi Johnson aliingia katika studio ya ndugu wawili wa ukoo wa Hooks mjini Memphis, iliyofunguliwa mwaka 1907. Hao walikuwa wapiga picha weusi, na Waamerika weusi wa mji ule walikwenda kwao kupiga picha za harusi, za mahafali na za watoto wachanga. Johnson alivaa suti ya mistari, tai na kofia iliyolalia upande. Amekunja mguu mmoja juu ya mwingine, gita lake aina ya Gibson L-1 limelala mapajani, naye anatabasamu. Ukiitazama sana, macho yako yataishia kwenye mkono wa kushoto. Vidole ni virefu mno, vimetandazwa shinguni mwa gita, kila kimoja na uzi wake. Hapo ndipo unapoelewa jinsi mtu mmoja alivyoweza kusikika kama wawili.

Picha nyingine ndogo, aliyojipiga katika kibanda cha kujipiga picha kwa sarafu, inamwonyesha akiwa na sigara mdomoni. Hiyo ndiyo iliyotangulia kuonekana hadharani, katika jarida la Rolling Stone mwaka 1986. Ile ya Memphis ikapamba mkusanyiko wa nyimbo zake zote mwaka 1990. Posta ya Marekani ilipotengeneza stempu yake mwaka 1994, sigara iliondolewa. Ndugu zake walifungua kesi kudai haki ya picha hizo. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu ya Mississippi, nao wakashindwa mwaka 2014 kwa sababu muda wa kudai ulikuwa umepita. Sura ya mtu huyo ilikuwa imegeuka mali, na waliomtunzia sura yenyewe kwa miaka yote ile wakabaki mikono mitupu.

Nimeanza na Johnson kwa sababu bila yeye historia ya picha za roki inaonekana kuwa ni mambo ya moshi, taa na vijana wenye nywele ndefu. Mzizi wake uko katika studio ya mtaani. Mtu alivaa nguo yake nzuri kuliko zote, akachukua chombo chake cha kazi, akamwomba mpiga picha avitie vyote viwili ndani ya fremu moja. Alitaka ijulikane kwamba hii ndiyo kazi yake. Karibu kila picha kubwa iliyokuja baadaye imesema neno hilohilo, hata pale ilipolisema kwa fujo.

Gita lenyewe lilibadilika kwanza. Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, ambaye hakujua kupiga gita, alitoa mwaka 1950 gita la umeme lenye mwili wa ubao mtupu usio na uwazi ndani. Ndilo lililokuja kuitwa Telecaster. Mwaka 1954 akatoa Stratocaster, lenye pembe mbili na kiuno kilichonyolewa ili lisimchome mpigaji mbavuni. Kampuni ya Gibson ya Kalamazoo, Michigan, ilijibu mwaka 1952 kwa gita lililopewa jina la Les Paul, na mwaka 1958 ikaleta Flying V, gita lenye umbo la mshale, lililochongwa kwa mti wa limba unaoota Afrika ya magharibi na ya kati, Kongo ikiwemo. Wauzaji waliubandika jina la korina, na hadi leo wanunuzi wengi hawajui kwamba gita wanalolililia lilianzia katika misitu ya bara letu. Fender naye alichukua rangi zake kwa watengenezaji wa rangi za magari: nyekundu, bluu ya kumetameta, nyeupe ya maziwa. Magita ya namna hiyo yalikuwa na sura hata yakiwa ukutani dukani. Kamera ilikuwa na cha kushika.

Santuri ya kwanza kubwa ya Elvis Presley, ya mwaka 1956, inaonyesha jinsi jalada lilivyoanza kufanya kazi. Picha ilipigwa Tampa, Florida, Julai 31, 1955. Elvis amefumba macho, kinywa wazi, gita la mbao limeinuliwa hadi kifuani. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, za waridi upande mmoja na za kijani chini. Kwa miaka mingi picha hiyo ilihesabiwa kuwa ya mpiga picha mwingine wa New York; ndipo watafiti wakathibitisha kwamba ni ya William Robertson, mpiga picha wa hapohapo Tampa. Mtu alipiga picha iliyoutangazia ulimwengu kuzaliwa kwa roki, kisha jina lake likawekwa pembeni kwa miongo kadhaa. Mambo haya yananiuma kuliko bei zote za minada nitakazozitaja baadaye.

Wala si wanaume peke yao waliobeba gita la umeme enzi hizo, ingawa rafu za vitabu vya picha zinakupa dhana hiyo. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili, alikuwa akipiga gita kwa sauti kali kabla Elvis hajasikika. Mei 1964 televisheni ya Uingereza ilimrekodi Manchester katika stesheni ya reli isiyotumika tena. Mvua ilikuwa imenyesha. Yeye kavaa koti zuri la kanisani, anapiga gita jeupe la Gibson lenye urembo wa dhahabu, watazamaji wameketi ng'ambo ya reli. Picha zilizotokana na siku ile zinapaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote cha picha za wapiga gita wa roki. Mara nyingi hazimo kabisa.

Septemba mwaka huohuo, katika baa ya Railway huko Harrow, nje kidogo ya London, Pete Townshend wa bendi ya The Who aliinua gita lake aina ya Rickenbacker, kichwa cha gita kikagonga dari lililokuwa chini mno na kuvunjika. Watu wakacheka. Townshend kwa hasira akalimalizia kulivunja, akachukua jingine, akaendelea na shoo. Wiki iliyofuata watu walikuja wakitaka kuona tena. Tangu hapo kuvunja gita kukawa sehemu ya onyesho, na wapiga picha wakajifunza kusubiri dakika za mwisho.

Kusubiri huko kulikuwa na gharama. Mkanda wa filamu ya milimita 35 ulikuwa na nafasi 36. Ukizimaliza ukumbini, itakubidi ufungue kamera gizani na kuweka mkanda mwingine huku jukwaani mambo yanaendelea. Taa zilikuwa hafifu na flashi iliharibu hali yote ya mahali. Filamu iliyopendwa ni Tri-X ya Kodak, yenye kasi ya 400. Wapiga picha walipanga kamera kana kwamba kasi ni 800 au 1600, kisha katika chumba cha giza wakauongezea mkanda muda ndani ya dawa ili picha ikolee. Matokeo yake ni chembechembe kubwa, weusi mzito kabisa na weupe unaowaka kwenye nyuzi na kwenye vyuma vya gita. Sura hiyo tunayoiita ya roki, kwa sehemu kubwa, ni sura ya filamu iliyolazimishwa kufanya kazi kupita uwezo wake.

Juni 18, 1967, jioni ya mwisho ya tamasha la Monterey, California, mwanafunzi wa sekondari aitwaye Ed Caraeff alikuwa amesimama juu ya kiti, kifua chake kikigusa ukingo wa jukwaa. Alikuwa na miaka 17. Mpiga picha mmoja Mjerumani alikuwa amemwonya abakize filamu kwa ajili ya mtu aitwaye Jimi Hendrix. Nyuma ya pazia, Hendrix na Townshend walikuwa wamebishana nani atangulie kupanda. Wakarusha sarafu, The Who wakatangulia na kuvunja vyombo vyao. Hendrix akajua kwamba kuvunja peke yake hakutatosha.

Hendrix alitumia mkono wa kushoto, na Stratocaster za watu wa mkono huo zilikuwa adimu, hivyo alichukua la mkono wa kulia akaligeuza na kupanga nyuzi upya. Ndiyo maana katika picha zake gita linaonekana kama limepinduka: vitufe viko juu, pembe ndefu iko chini. Kwa wimbo wa mwisho alibadilisha gita, akachukua lile alilolipaka rangi na kulichora maua kwa mkono wake mwenyewe. Akalilaza sakafuni, akalimiminia mafuta ya kujazia kibiriti, akapiga magoti na kuliwasha. Halikuwa la kwanza. Machi 31 mwaka uleule alikwisha kuchoma gita katika ukumbi wa Astoria, London. Lakini London hapakuwa na Caraeff.

Caraeff alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu kwenye mkanda. Joto la moto lilimfika usoni, kamera ikawa pia ngao yake. Alibonyeza wakati Hendrix, bado kapiga magoti, ameinua mikono na kuchezesha vidole hewani, macho amefumba, moto ukipanda kati ya magoti yake. Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe. Ile inayojulikana kwa rangi, iliyotoka kwenye jalada la Rolling Stone mwaka 1987, ilitiwa rangi baadaye. Hendrix alikufa Septemba 18, 1970. Caraeff alipiga picha za majalada mengi ya santuri, kisha akaiacha kazi hiyo na kuwa mpishi.

Picha ile naiheshimu, ila huwa naiweka kando ya kisa cha mtu mwingine na moto mwingine. Katika majira ya baridi ya mwaka 1949, B. B. King alikuwa akipiga muziki katika ukumbi wa densi wa kijiji cha Twist, Arkansas. Ukumbi ulipashwa joto kwa pipa lililowashwa mafuta ya taa katikati ya sakafu. Wanaume wawili wakapigana, pipa likapinduka, nyumba ikashika moto. King alikwisha kutoka nje salama alipokumbuka gita lake. Akarudi ndani ya moto kulichukua, na nusura afe. Kesho yake akaambiwa ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke aliyefanya kazi pale, jina lake Lucille. Akalipa gita jina hilo ili limkumbushe ujinga alioufanya, na kila gita lake la baadaye likarithi jina. Alikuwa na Lucille mkononi alipopanda jukwaani Kinshasa Septemba 1974, katika tamasha la siku tatu lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, jukwaa alilopanda pia Franco na bendi yake ya OK Jazz. Picha na filamu za siku zile zinamwonyesha King kakunja uso, shanga za jasho zimejaa kipajini, mkono wa kushoto ukitetemesha uzi mmoja tu. Hakuna kinachoungua, na bado ni miongoni mwa picha zenye moto mwingi kuliko zote za mpiga gita.

Kuhusu kuvunja, picha ya mwisho muhimu ni ya mpiga picha Pennie Smith. Ilikuwa Septemba 1979 katika ukumbi wa Palladium, New York. Bendi ya The Clash ilikuwa ikipiga, na Paul Simonon, mpiga besi, alikasirika kwa sababu walinzi hawakuwaruhusu watu wasimame. Akashika besi lake la Fender kwa shingo, miguu imetanuka, mgongo umepinda, akalinyanyua alishindilie sakafuni. Smith, aliyekuwa pembeni ya jukwaa, alimwona akija upande wake. Akarudi nyuma huku akibonyeza. Picha ikatoka na ukungu, haikulengwa sawasawa. Yeye mwenyewe hakutaka itumike. Joe Strummer wa bendi hiyo na mchoraji Ray Lowry wakaing'ang'ania, na Lowry akapanga herufi za jalada la santuri yao, London Calling, kwa waridi na kijani, kama zile za Elvis mwaka 1956. Mwaka 2002 jarida la Q la Uingereza liliitangaza kuwa picha bora kuliko zote za roki. Vipande vya besi lile vimehifadhiwa na kuonyeshwa katika makumbusho.

Ninapoyaweka majalada hayo mawili pamoja naona miaka 23 ya safari. Kwa Elvis gita limeinuliwa juu, kifuani. Kwa Simonon linakwenda chini kwa kishindo na uso wa mpigaji umefichwa kabisa. Tumerudi kwa mtu asiye na sura aliyeinamia gita, lakini safari hii kwa sababu mpiga picha alichagua chombo badala ya uso.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya kumwondoa mpigaji kabisa.

Wapiga picha waliposogea karibu zaidi waligundua kwamba gita lililopigwa kwa miaka mingi lina alama za mwenye nalo. Stratocaster ya Rory Gallagher ni mfano ulio wazi. Aliinunua mjini Cork, Ireland, mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 15, kwa karibu pauni 100, deni zito kwa familia yake. Ilipofika miaka ya 1970 rangi yake ya jua linalozama ilikuwa imebanduka karibu yote kwa jasho, ubao umebaki wazi, mweusi hapa, wa kahawia pale. Picha za karibu za gita hilo zinaonyesha mahali mkono wa kulia ulipokuwa ukilala kila usiku na mahali mfupa wa kiwiko ulipogusa.

Eddie Van Halen wa Pasadena, California, alikwenda mbali zaidi, akajitengenezea. Alinunua mwili wa gita wenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80, akachimba ubao kwa patasi ili apachike sumaku ya kunasa sauti aliyoitaka, akalibandika utepe na kulipulizia rangi ya baiskeli. Katika jalada la santuri ya kwanza ya bendi yake, mwaka 1978, gita hilo ni jeupe na mistari myeusi. Baada ya hapo likaigwa na kila mtu, na mwaka 1979 akaongeza nyekundu juu yake. Waigaji walitazama nini? Picha. Mwaka 2007 kampuni ya Fender ilitoa nakala 300 kwa dola 25,000 kila moja, zikiwa na alama za sigara zilezile, sarafu ileile iliyofungwa kwa skrubu na viakisi mwanga vya baiskeli nyuma. Hata kabla ya hapo, mwaka 1995, Fender ilikwisha kuanza kuuza magita mapya yaliyochakazwa makusudi kiwandani. Kovu likawa bidhaa. Mimi sioni ubaya wa mtu kupenda gita la namna hiyo, lakini picha ya kovu ina thamani kwa sababu moja tu: mtu fulani alikuwapo, akafanya kazi, na kazi ikaacha alama.

Gita ambalo picha zake zimenikalia moyoni kuliko mengine yote halikutoka kiwandani. Agosti 1963 Brian May, kijana wa miaka 16 wa Feltham, magharibi mwa London, alianza kulijenga pamoja na baba yake, Harold, fundi wa elektroniki, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua Stratocaster. Kazi ilichukua miaka kama miwili na kugharimu pauni nane. Shingo ilichongwa kutoka ubao wa mkangazi wa fremu ya meko kuukuu iliyotupwa. Ulikuwa na matundu ya wadudu, na May akayaziba kwa njiti za kiberiti. Katikati ya mwili kuna mwaloni wa meza ya zamani. Alama nyeupe za shinguni ni vifungo vya chaza kutoka kikapu cha ushonaji cha mama yake. Chuma cha kutikisia nyuzi kinapumzika juu ya makali ya kisu, kikiyumba kama mtambo wa mizani, na kinarudishwa mahali pake na springi mbili za valvu za pikipiki ya mwaka 1928. Mkono wa chuma hicho ulikuwa wa kubebea mfuko wa baiskeli. Ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia. Na May halipigi kwa plastiki, hutumia sarafu ya peni sita.

Katika mji huohuo wa Feltham, mwaka 1964, ilifika familia ya Bulsara iliyokuwa imeondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 12. Mwana wao Farrokh alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946. Nyumba za vijana hao wawili hazikuwa mbali, lakini walikuja kufahamiana baadaye, na mwaka 1970 wakaunda bendi ya Queen; Farrokh akajulikana kama Freddie Mercury. Ukitazama picha za Wembley za Julai 13, 1985, siku ya tamasha la Live Aid, utamwona Mercury mbele na fimbo yake ya maikrofoni, na nyuma yake kidogo gita jekundu la May. Gita lililojengwa mezani nyumbani, na kijana wa Unguja, mbele ya watu wapatao 72,000. Sijui picha nyingine ya roki inayotuhusu Waswahili kwa karibu kiasi hicho.

May mwenyewe ni mtu wa kamera. Utotoni alikuta ndani ya paketi za nafaka za Weetabix kadi zenye picha mbili zinazokaribia kufanana, akaagiza kwa posta kifaa cha kuzitazamia. Jicho la kushoto likiona yake na la kulia yake, ubongo huziunganisha na kitu kikasimama mbele yako kwa unene na kina chake. Akanunua kamera ya kupiga jozi kama hizo na kuzunguka nayo ulimwenguni na Queen. Picha hizo alizitoa kitabuni mwaka 2017 pamoja na kitazamio chake. Kabla ya hapo, mwaka 2014, alishirikiana na Simon Bradley kutoa kitabu juu ya gita lile peke yake. Gita lilifunguliwa vipandevipande, likapigwa picha kwa karibu, likapigwa hata eksirei. Katika eksirei ubao unakuwa kivuli, na unaona springi, nyaya na sumaku zilivyopangwa na mikono ya baba na mwana. Picha ya studio ya Memphis ilituonyesha mtu akiwa ameshika chombo chake. Hii inatuonyesha mawazo ya watu wawili yakiwa ndani ya chombo.

Tangu hapo njia imejaa watu. Mmarekani Lisa S. Johnson alitoa mwaka 2013 kitabu cha magita 108 ya nyota wa roki, kila moja likiwa peke yake bila mwenyewe, kwa ukaribu unaokuwezesha kuona nyufa za rangi na uchafu wa vidole. Aprili 2019 Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, lilifungua maonyesho ya vyombo zaidi ya 130 vya roki, lile la Van Halen likiwamo. Mwezi Juni mwaka huohuo Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa mnadani kwa dola 3,975,000, fedha zikaenda kwa wanasheria wa kutetea mazingira. Juni 2020 gita la Martin alilopiga mwanaroki Kurt Cobain mbele ya kamera za televisheni ya MTV Novemba 18, 1993, likafikia dola milioni 6.01. Kiwanda kilitengeneza 302 za aina hiyo. Zile 301 nyingine hazijakaribia bei hiyo, kwa kuwa hazikuonekana na ulimwengu katika picha ile, kati ya mishumaa na maua, mikononi mwa kijana aliyebakiza miezi isiyotimia mitano ya kuishi.

Bei hizo zinasemwa sana. Kinachosemwa kidogo ni kwamba ndugu wa Hooks, Robertson wa Tampa, mwanafunzi juu ya kiti na Pennie Smith aliyerudi nyuma ndio walioyapa magita hayo sura, na wengi wao hawakupata sehemu ya mamilioni hayo.

Nasi tuna picha zetu. Zimo katika albamu za familia na masanduku ya chuma ya wazee waliopiga muziki wa dansi, kuanzia Lubumbashi hadi Morogoro na Mombasa. Majina ya Jean-Bosco Mwenda, Fundi Konde na Mbaraka Mwinshehe tunayajua. Lakini yule kijana wa gita la ridhimu aliyesimama nyuma, na yule mpiga picha wa mtaani aliyewapanga mstari, nani ameyaandika majina yao? Ikiwa kuna picha kama hiyo nyumbani kwenu, itoe leo, umwulize mzee aliyebaki ni akina nani hao, ni mwaka gani, ni gita la nani na nani aliyepiga. Kisha yaandike nyuma yake kwa penseli, si kwa wino, maana wino hupenya na kuiharibu.